Dakota Mbili na Jibu Langu Moja

Ninyi mnaotunga maswali ya chemsha bongo siku hizi mnafanya kazi mmekaa, simu mkononi, chai pembeni, na mkikosea mnafuta. Mimi nilikuwa nakosea redioni, moja kwa moja hewani, mama mkwe wangu akisikiliza. Kwa hiyo kikundi chenu cha hapa Kicukiro, Kigali, kilipoomba niwaandikie machache kuhusu kazi hii, kwanza nilicheka. Kisha nikamwuliza mume wangu kama niwaambie ukweli au niwape mawaidha tu. Akajibu bila kuinua macho kwenye gazeti, "Waambie ukweli. Wengine walisikia."

Basi, ukweli. Naitwa Spesiosa, lakini wengi wananiita Mwalimu, kwa kuwa kabla ya redio nilifundisha historia. Nililelewa Karagwe, upande wa Tanzania, walikokimbilia wazazi wangu. Niliporudi Kigali nilirudi na masanduku mawili na majivuno makubwa ya Kiswahili. Nilidhani Kiswahili changu peke yake kingenipatia kazi. Kilinipatia. Tatizo ni kwamba hakikutosha kuifanya.

Kazi yenyewe ilikuwa hii: kila wiki kutunga maswali arobaini ya kipindi cha mashindano ya shule za sekondari, kisha Jumamosi kukaa mezani kama mwamuzi, kengele mbele, kadi mkononi, na kusema nani amepata na nani amekosa. Nilikuwa na sauti nzuri ya kusema "Umekosa." Watu waliisifu. Nadhani ndiyo iliyoniharibu.

Katika wiki zangu za kwanza nilikuwa nawacheka watangazaji wenzangu waliochanganya r na l. Nilijiona mimi mwenye ulimi ulionyooka. Wiki ya tatu nikasoma kwa madaha, mbele ya kipaza sauti, "Ni nchi gani ilikuwa ya kwanza duniani kuwapa wanawake wote haki ya kupiga kula?"

Kijana mmoja wa timu ya kushoto akabonyeza kengele. "Mwalimu, nchi sijui. Ila kwetu nyumbani baba ndiye anakula kwanza."

Kwa mwaka mzima walinzi wa getini walikuwa wananisalimia, "Mwalimu, umeshapiga kula?"

Aliyenipokea kazini alikuwa Mzee Ladislasi, mkuu wa vipindi vya elimu. Alikulia Bujumbura na alichanganya Kiswahili cha huko na Kifaransa cha mapadri waliomfundisha. Alivaa koti jua likiwaka, na mfukoni mwa koti mlikaa penseli nyekundu. Maswali yangu arobaini ya kwanza aliyarudisha yamebaki kumi na moja.

"Spesi, ma fille, binti yangu," aliniambia, "wewe unatunga maswali ili watu waone unajua. Hiyo iko ugonjwa. Swali linatungwa ili anayejua apate nafasi ya kusema."

Nilinuna siku mbili. Kisha nikaanza kumsikiliza, maana mshahara alikuwa anausaini yeye.

Alinifundisha mambo ambayo nawapa bure. Swali lisome kwa sauti kabla ya kuliandika kwenye kadi, maana jicho husamehe na sikio halisamehe. Nyuma ya kadi andika jibu, na chini yake andika majibu mengine yote ambayo mtu mwenye akili timamu anaweza kutoa, ili yasikukute hewani. Ogopa maneno "pekee" na "kubwa kuliko". Neno "kwanza" liogope zaidi, kwa sababu karibu kila kitu cha kwanza kina mwingine anayedai alikitangulia. Tena kila jibu liwe na vyanzo viwili.

"Viwili visivyo ndugu," alisisitiza. "Kama kitabu kimoja kimenakili kwa kingine, hiyo iko chanzo kimoja kimevaa kofia mbili."

La mwisho lilikuwa kwamba swali lijaribiwe kwa mtu asiye wa fani. Mimi nilimtumia jirani yangu wa Batsinda, Mama Kezia, fundi cherehani. Nilikuwa namsomea huku anashona, na yeye hakuwahi kusimamisha mguu wake kwenye pedali kwa ajili yangu. Siku moja nilimwuliza, "Ni mnyama gani mwenye shingo ndefu kuliko wote?"

"Hai ama amekufa?"

"Kivipi amekufa?"

"Wale wakubwa wa zamani. Mtoto wangu aliwachora shuleni. Iko na shingo kama barabara."

Nikarekebisha swali. Mama Kezia aliniokoa mara nyingi kuliko maktaba, na hakuna siku hata moja niliyomtaja redioni. Nawaambia haya ili mnifahamu vizuri kabla sijafika kwenye Dakota.

Mzee Ladislasi alistaafu, akaniachia kiti na penseli. Hapo nikawa sina wa kuniogopesha. Nilianza kuruka hatua. Kwanza niliacha kusoma kwa sauti, kisha nikaanza kukubali chanzo kimoja, mradi kiwe na jalada gumu.

Mwaka mmoja fainali ilikutanisha shule ya upande wa Busanza na shule ya upande wa Batsinda. Timu itakayoshinda ingekwenda Arusha kushindana na shule za nchi jirani. Wanafunzi wengi wa timu zote mbili hawakuwa wamewahi kuvuka mpaka. Nahodha wa Busanza alikuwa Divine, binti wa kidato cha tano, mwembamba, mwenye tabia ya kufumba macho anapofikiri. Nahodha wa Batsinda alikuwa Kevin, mcheshi, anayejibu hata asichojua kwa sauti ya anayejua. Nilimpenda Kevin. Tulifanana.

Kwa ajili ya fainali nilitaka swali la mwisho litakalokumbukwa. Nikaenda kwenye historia ya Marekani, niliyowahi kuifundisha, jinsi majimbo yalivyoingia katika Muungano wao moja baada ya jingine. Watoto hupenda maswali ya kulinganisha: jimbo hili na hili, lipi lilitangulia? Nikafungua almanaka yangu kwenye ukurasa wenye orodha ya majimbo na namba zao za kuingia. Dakota Kaskazini, ya thelathini na tisa. Dakota Kusini, ya arobaini. Nikafurahi! Majimbo mawili, jina moja, namba zinazofuatana. Jibu: Kaskazini.

Nikakumbuka vyanzo viwili. Nikatoa kabatini toleo la zamani la almanaka ileile. Thelathini na tisa, arobaini. Nikaandika nyuma ya kadi: vyanzo viwili. Niliandika hivyo kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilipitia kwa Mama Kezia kwa mazoea tu. Nilimsomea.

"Hizo mbili iko mapacha?" aliuliza.

"Ni majimbo, Mama Kezia. Sehemu za nchi."

"Jina moja, zimefuatana. Hiyo iko mapacha. Sasa kwa mapacha, aliyezalisha ndiye anajua nani alitoka kwanza. Wewe umemwuliza aliyezalisha?"

Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia nitakuja Jumatatu kuchukua gauni langu.

Fainali ilifanyika Jumamosi mchana, katika ukumbi mkubwa wa Kicukiro, wazazi wamejaa mpaka madirishani. Hadi swali la thelathini na tisa timu zilikuwa sawa kwa sawa. Nikainua kadi ya arobaini kama padri anavyoinua kikombe.

"Kati ya Dakota Kaskazini na Dakota Kusini, ni jimbo lipi liliingia kwanza katika Muungano wa Marekani?"

Divine alifumba macho, akayafumbua, akabonyeza kengele.

"Hakuna anayejua," alisema.

Watu walianza kucheka. Nami nilicheka, karibu kabisa na kipaza sauti, ili wa nyumbani nao wasikie.

"Binti, hilo ndilo jibu lako? Hakuna anayejua?"

"Ndiyo, Mwalimu. Yaliingia siku moja, na rais wao alizichanganya zile karatasi ili..."

"Nimeuliza lipi. Nataka jina la jimbo."

"Lakini Mwalimu, alizifunika, hakutaka mtu aone..."

"Umekosa," nilisema, kwa ile sauti yangu nzuri. "Batsinda?"

"Kaskazini!" alipiga kelele Kevin.

Batsinda wakabebana juu juu. Divine alibaki amesimama na kidole bado juu ya kengele, mpaka mwenzake akamvuta kwenye mkono wa sweta akae. Nilimwona. Nikajiambia kushindwa kunamjenga mtoto.

Jumapili baada ya misa simu ikalia. Alikuwa Mzee Ladislasi, sauti imechoka lakini bado ina penseli ndani yake.

"Spesi, yule mtoto alikuwa anataka kusema nini?"

"Alikuwa anababaisha, Mzee."

"Bon. Ulisoma maelezo ya chini ya ukurasa?"

Nilimwambia ukurasa ule haukuwa na maelezo ya chini. Akanitakia Jumapili njema. Nikaenda kabatini kumthibitishia asiyekuwepo. Pale kwenye namba thelathini na tisa, ubavuni, palikuwa na kidoa cheusi nilichokiona siku zote na kudhani nzi alipita pale akafanya yake. Nikavaa miwani. Nikakikwaruza kwa ukucha. Hakikutoka. Kilikuwa kinyota.

Chini ya ukurasa, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, waliandika: majimbo yote mawili yaliingia tarehe mbili Novemba 1889. Kulikuwa na mvutano wa nani atangulie, hivyo rais alichanganya hati mbili na kufunika maandishi kabla ya kutia saini, na haijulikani ipi ilitiwa saini kwanza. Namba zimepangwa kwa kufuata alfabeti.

Nikafungua toleo la zamani. Na lenyewe lilikuwa na kinyota.

Sasa sikilizeni niliyofanya, maana hapa ndipo kazi ilipo. Sikufanya kitu. Siku ya kwanza nilijiambia kanuni zinasema uamuzi wa mwamuzi ni wa mwisho. Kanuni hizo nilizitunga mimi. Siku ya pili nilijiambia kwamba almanaka yenyewe imeweka Kaskazini mbele, basi kwa namna fulani nilikuwa sahihi kialfabeti. Siku ya tatu nilimwambia mume wangu, akauliza, "Kwa Kiswahili K-a haitangulii K-u vilevile?" nikamshukuru, ndipo nikaona usoni kwake kwamba ananitania. Jumatatu sikwenda kuchukua gauni. Niliogopa Mama Kezia angeuliza habari za mapacha.

Siku ya nane nilikuwa soko la Kicukiro natafuta dodo, kama tunavyouita mchicha hapa. Nikasikia wasichana wenye sare ya shule ile ya Busanza wakicheka mbele ya meza ya jirani.

"Hakuna-Anayejua, hebu tuambie, hii ni kabeji au saladi?"

"Mwacheni, atasema rais ameifunika!"

Katikati yao alikuwa Divine, anatabasamu kama mtu aliyebanwa kidole mlangoni mbele ya wageni. Nami mwamuzi mkuu, mwenye mvi, mke wa mtu, nikajificha nyuma ya rundo la ndizi. Mwenye ndizi akaniangalia. "Mama, unanunua ama unakimbia polisi?"

Nilinunua mkungu mzima ili ninyamaziwe.

Kesho yake asubuhi, siku ya tisa, nilikwenda shuleni kwao nikiwa na almanaka zote mbili kwenye mfuko. Mkuu wa shule, sista mmoja mkimya, alinipa ofisi yake, akamwita Divine, akatuachia na kufunga mlango. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Niliianza katikati.

"Divine, mwanangu, nimekuja kukuambia kwamba siku ile jibu lako lilikuwa sahihi."

"Najua, Mwalimu."

"Unajua?"

"Nilijua siku ileile. Ndiyo maana nilibonyeza kengele."

Nilimwonyesha kinyota. Aliinama, akasoma maelezo ya chini taratibu, akarudisha kitabu kwangu.

"Nimekosea," nilisema. "Mbabarira. Nisamehe."

"Asante kwa kuja. Lakini Mwalimu, kunikosoa ulinikosoa mbele ya watu wote. Kuniambia nimepata umekuja kuniambia huku, mlango umefungwa."

Nimefundisha watoto miaka mingi, sikuwahi kupewa sifuri iliyo safi kama ile.

Redioni, mkuu mpya wa vipindi vyote, kijana mwenye suti inayombana, hakutaka. "Mwalimu, tukisahihisha hili moja hewani, wazazi wote watadai tusahihishe na ya kwao. Na Batsinda wameshajiandaa kwa safari."

"Basi watajiandaa tena," nilisema.

Aliyenisaidia ni Kevin. Alipopigiwa simu alicheka. "Mimi nilibahatisha, Mwalimu. Nilisema Kaskazini kwa sababu sisi tunakaa kaskazini ya mji. Turudieni. Sitaki kwenda Arusha na ushindi wa kuokota."

Jumamosi iliyofuata nilisoma hewani, neno kwa neno, nilichokosea, kitabu kilichosema kweli, na jina la binti aliyepata. Nilieleza hata habari ya nzi. Mhandisi wa sauti alilazimika kujiziba mdomo kwa sweta. Mama Kezia nilimtaja pia, kwa jina lake na ufundi wake, na nikaeleza kwamba alinionya nikamcheka. Kisha timu zote mbili zikaingia ukumbini, na likaulizwa swali jipya moja tu, la kuamua.

Safari hii nilifanya kazi. Swali la "lipi kati ya mawili" ni zawadi kwa asiyejua, kwa kuwa mwenzake akikosa yeye anaokota linalobaki, kama Kevin alivyookota. Kwa hiyo niliwapa manahodha karatasi waandike kwa wakati mmoja, na nikataka zaidi ya jina. Vyanzo vyangu vilikuwa viwili, visivyo ndugu, nimevisoma mpaka kwenye anwani ya mchapishaji. Mama Kezia alilisikia swali mara nne.

"Alaska na Hawaii yaliingia katika Muungano wa Marekani mwaka mmoja, 1959. Lipi lilitangulia, na katika mwezi gani?"

Wakaandika. Nilifungua karatasi ya Kevin: Alaska, Januari. Nilifungua ya Divine, huku moyo wangu, nakiri, umeshampa ushindi kabla sijasoma. Ukumbi mzima ulikuwa upande wake. Hata Batsinda wengine walikuwa wanampigia makofi.

Hawaii, Januari.

Nilitamani karatasi ile iwe na kidoa cha kukwaruza. Hakikuwepo. "Busanza, jibu lenu si sahihi," nilisema, na safari hii sauti ilinitoka mbaya kama ya mtu yeyote. "Alaska iliingia Januari. Hawaii iliingia Agosti."

Wazazi wakaanza kunung'unika. Mmoja akapiga kelele kwamba mwamuzi amekosea tena, na sikuweza kumlaumu. Divine alisimama.

"Mwalimu, naomba kuona chanzo."

"Njoo," nilisema.

Alipanda jukwaani. Nilimsogezea vitabu vyote viwili, vimefunguliwa. Redio ilikuwa hewani, watu wanasubiri majumbani mwao, na binti yule akasoma kitabu cha kwanza, akashuka na kidole mpaka chini ya ukurasa kutafuta maelezo, hakukuta kitu. Akasoma cha pili. Akashuka tena mpaka chini. Mkuu wa vipindi alikuwa ananionyesha saa yake, nami nikamgeuzia mgongo.

Divine akafunga vitabu, akavipanga kimoja juu ya kingine, akajigeuzia kipaza sauti changu mwenyewe na kuinama kukifikia.

"Nimekosea," alisema. "Batsinda wamepata. Hongera, Kevin."

Kisha akashuka kwenda kuwapa mikono. Ilimchukua kama dakika mbili, pamoja na kusoma. Mimi ilinichukua siku tisa na mkungu wa ndizi.